Majiko ya pipa ya kukodi Mtwara: tuliyatumia kwenye shindano la kuchoma nyama la kuchangia tanki la maji

Nimeulizwa sana inbox kuhusu yale majiko ya pipa tuliyotumia kwenye shindano la kuchoma pale Shangani kwaiyo naandika hapa mara moja wote msome. Kwa kifupi: kodini. Yana kasoro na ntazisema zote, ila kama unataka kuandaa shindano la mchango, namaanisha shindano kabisa lenye timu na majaji na mshindi, sio kula tu na kupiga mziki, sijaona hapa mjini mtu mwingine anayekuletea majiko nane yanayofanana kila kitu. Na hilo la kufanana ndo jambo lenyewe.

Nieleze kidogo ilikua nini. Sisi ni kikundi tu cha majirani na marafiki, kuna walimu, kuna wa bandarini, kuna akina mama wa kikoba, tukaamua tuchangie shule moja ya msingi kule juu kwenye uwanda wa Makonde ipate tanki la lita 5,000 pamoja na mifereji ya kukinga maji ya mvua kwenye paa. Mtu wa Newala au Tandahimba hahitaji kuelezwa shida ya maji ya kule, mvua ikinyesha yote inazama mchangani inaenda chini huko, mito hamna, na watoto wanaenda shule na vidumu. Wakati paa la bati lipo pale pale linamwaga maji bure! Piga hesabu mwenyewe, paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 linatoa kama lita 5,000, ukitoa yanayopotea njiani bado tanki linakaribia kujaa kwa mvua kubwa moja au mbili. Na huku kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaanza Novemba au Desemba unaisha Aprili, ukichelewa kufunga tanki umesubiri mwaka mzima. Ndo maana tukasema shindano liwe Oktoba, tena Oktoba minada ya korosho inaanza hela zinaanza kutembea, na upepo wa kusi unakua umepungua. Hilo la upepo ntalirudia maana linahusu majiko moja kwa moja.

Sasa kwa nini majiko. Mashindano mengi ya kuchoma niliyoyaona kila timu inakuja na jiko lake, matokeo yake timu ya hoteli inashusha jiko la maana lenye mfuniko na magurudumu alafu pembeni yake yuko mama wa mishikaki na kijiko chake kile cha kila siku, hapo unashindanisha nini? Unashindanisha mifuko. Wenzetu Marekani wana chama kikubwa cha mambo haya, Kansas City Barbeque Society, kimeanzishwa 1985, na kwao kila timu inaleta jiko lake mwenyewe, sheria inabana tu kwamba moto uwe wa kuni au mkaa, gesi na umeme hapana. Kwao inawezekana maana wengi wao wana vifaa vikubwa vya kukokota kabisa. Kwetu haiwezi kua haki. Tulichochukua kutoka kwao ni namna ya kuhukumu, ila kwenye moto tukasema wote jiko moja, mkaa mmoja, mbuzi mmoja. Mbuzi mmoja yani kila mbuzi anapasuliwa katikati kwa urefu, nusu timu hii nusu timu ile, timu nane mbuzi wanne, na nusu ipi inaenda kwa nani ni kura ya karatasi. Hakuna wa kulalamika kapewa mzee.

Fundi mwenyewe ni wa kuchomelea mageti na madirisha, majiko anatengeneza na kukodisha pembeni. Ni pipa zima, lile la kawaida la lita 200, linapasuliwa kwa urefu, nusu ya chini inakua jiko nusu ya juu mfuniko, imeungwa kwa bawaba nyuma. Urefu ni karibu sentimita 88 na upana kama 57, nusu mbuzi anakaa vizuri kabisa na nafasi inabaki ya kuku. Miguu ni ya skwea paipu, wavu ni nondo nyembamba zilizochomelewa kwenye fremu, na huo wavu una ngazi mbili, unaweza kuushusha karibu na mkaa au kuupandisha. Chini upande mmoja kuna kidirisha cha kusukuma, unafungua hewa inaingia moto unapanda, unafunga unatulia. Upande wa pili kwenye mfuniko kuna matundu. Kwa anayejua moto hiyo ndo siri yote, hewa inaingia chini kulia inatoka juu kushoto, inapita juu ya nyama, unapata joto la kuzunguka kama oveni. Jiko la wazi la kawaida haliwezi hilo, linachoma chini tu.

Swali la kwanza nililomuuliza, na nawasihi muulize kila mnapokodi au kununua jiko la pipa popote, ni pipa hili lilibeba nini kabla. Maana mapipa yanabeba mafuta ya kula, yanabeba oili, yanabeba lami, yanabeba kemikali sijui za nini, na mengine ndani yamepakwa rangi maalumu ya kuzuia kutu ambayo ikipigwa na moto inatoa moshi mbaya sana. Fundi akanijibu bila kona, "Dada, haya yote yalikua ya mafuta ya kula, na kila moja nimelichoma tupu kwa kuni mpaka ndani likawa jeupe alafu nikalisugua." Nikamwambia nikague, akanifungulia yote, nikapitisha kidole hakuna rangi ndani hata alama. Rangi ipo nje tu, nyeusi, ile ya kustahimili moto. Na nyavu zake ni nondo tupu, sio ule waya unaong'aa wa fensi ambao watu wanapenda kuutumia. Jamani ule waya umepakwa zinki, ukipata moto mkali sana zinki inatoa moshi unaoumiza mapafu, usiweke chakula cha watu juu yake. Kwa hilo peke yake fundi nampa heshima yake, maana hakuna aliyemlazimisha hapa mjini afanye hivo, kafanya.

Siku yenyewe. Timu zilikua za aina zote, kuna wapishi wa shughuli kutoka Mikindani, vijana wa bodaboda, walimu, wavuvi wa Feri, timu moja imetoka Lindi, nyingine imeshuka kutoka Tandahimba. Moto umeanza saa mbili asubuhi. Mkaa tuligawa sisi, ndoo mbili kubwa kila timu kutoka kwenye magunia yale yale, mkaa mzito ule ukigonga unalia, maana ule mwepesi unawaka haraka unarusha cheche unaisha. Anayetaka kuongeza vifuu vya nazi ruksa, vinatoa moto mkali wa haraka na harufu yake nzuri. Ila tulipiga marufuku kitu kimoja na tukaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya sheria: MAGANDA YA KOROSHO HAPANA. Huku kwetu yako kila mahali na yanawaka vizuri sana kwaiyo kijana asiyejua anaweza kuyatupia, ila kila aliyewahi kubangua anajua mafuta yale yanavobabua vidole, sasa fikiria moshi wake kwenye nyama anayokula mtoto.

Upepo wa Shangani unajulikana. Hata Oktoba mchana lazima uvume kidogo, na hapo ndo mfuniko ulipojilipa. Kuku wa kienyeji anajulikana ni mgumu, ukimchoma wazi na upepo ule anaungua nje ndani damu. Timu ya wavuvi walifanya kitu kizuri sana, mkaa wote wamesukuma upande mmoja wa jiko, kuku wakawaweka upande usio na mkaa, wakafunika, kidirisha wamefungua nusu. Wamekaa hapo hawafunui ovyo ovyo, mwishoni tu ndo wakawahamishia juu ya mkaa kupata ngozi ya kukauka. Kuku alitoka laini mpaka mfupa unaachia. Kwenye jiko la wazi usingepata hicho kitu labda umchemshe kwanza, na kumchemsha kwenye sheria zetu ilikua hapana.

Timu ya Tandahimba wamekuja na jambo ambalo mpaka leo watu wanaliongelea, wameloweka mbuzi kwenye maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Mabibo freshi ya asubuhi, yamekamuliwa hapo hapo mbele ya kamati ili kusiwe na maneno kwamba ni uraka, ile pombe ya mabibo, wakaweka chumvi, vitunguu saumu, pilipili, ndimu. Ule ukakasi wa bibo uliisha wote kwenye moto ikabaki utamu fulani hivi na rangi nyekundu iliyokolea. Na timu ya akina mama wa Mikindani kuku wao walimpaka rojo la korosho zilizosagwa na tui la nazi zito, wanapaka kila baada ya muda, wavu wameupandisha ngazi ya juu ili tui lisiungue. Hizo ngazi mbili za wavu nimeziona faida yake pale, maana tui ukiliweka karibu na mkaa linakua jeusi dakika hiyo hiyo.

Majaji walikua sita. Kila timu inaleta sahani yenye namba tu, jina hakuna, na namba anaijua mtu mmoja wa kamati aliyekaa mbali na meza. Alama ni tatu, mwonekano, ulaini na ladha, kila moja kuanzia 2 mpaka 9, alama ya jaji aliye chini kabisa inatupwa ili mtu mmoja mwenye chuki au asiyependa pilipili asiharibu. Huu ndo utaratibu wa wale wa Kansas City na unafanya kazi, watu wanatulia kwa sababu hakuna pa kupenyeza upendeleo. Muda nao ni dakika kumi tu, tano kabla ya saa nane na tano baada, ukichelewa sahani haipokelewi, na timu moja ilikosa kuku wao hivo hivo, iliuma ila sheria ni ya wote. Wao Marekani wanashindana kuku, mbavu za nguruwe, bega la nguruwe na kidari cha ng'ombe. Sisi huku pwani wengi ni Waislamu kwaiyo tukasema mbuzi, kuku na samaki, mbuzi wote wamechinjwa machinjioni na mchinjaji Mwislamu na mkaguzi wa nyama kapiga muhuri, tukatangaza kabisa ili mtu anapotoa hela yake ale kwa amani. Ukiandaa shughuli ya mchango Mtwara au Lindi ukaleta kitimoto kwenye moto ule ule, nusu ya watu umewafukuza mwenyewe.

Kati ya majaji alikuepo bibi mmoja mpishi wa harusi wa siku nyingi sana. Amechukua kipande cha timu moja iliyokua na nyama nzuri mno kwa macho, ameguna, kamwambia kijana wa kuandika alama, "Mwanangu, hii imeiva moto, nyama yenyewe bado." Nyama ilipakwa rangi ya moto juu ndani ngumu. Na hiyo ndo timu iliyoacha mfuniko wazi muda wote. Sisemi kwamba jiko linapika lenyewe, nasema jiko hili linampa nafasi anayejua, na asiyejua linamuonesha wazi.

Sasa kasoro, na hapa fundi kama unasoma usichukie kaka, nimekuambia uso kwa uso pia.

Mifuniko mitatu kati ya minane haikai sawa. Bawaba zimechomelewa zikapinda kidogo, unafunga upande mmoja upande wa pili unabaki mwanya wa kupitisha vidole viwili, na kwenye shindano ambalo msingi wake ni majiko sawa hilo sio dogo. Kilichookoa ni kwamba majiko tuliyapangia timu kwa kura kama mbuzi, na tulikua na foili tukaziba. Ila mtu analipa hela sawa kwa jiko lenye mwanya na lisilo na mwanya, sio sawa. Mishikio nayo ni ya chuma tupu, hakuna mbao wala chochote, baada ya nusu saa haishikiki, kijana mmoja wa bodaboda aliungua kiganja ikabidi nesi wetu amuweke maji ya bomba ya kutiririka kwa dakika ishirini. Kipande cha mbao na boliti mbili ni hela gani kweli? Rekebisha hilo kabla ya kitu kingine chochote. Mpaka atakaporekebisha nunueni glavu nene za ngozi za kila jiko, sisi tuliongeza wenyewe.

Miguu inazama mchangani. Shangani yote ni mchanga, zile skwea paipu chini ziko wazi, jiko likishapata mkaa na nusu mbuzi linaanza kuinama polepole, mafuta yanakimbilia kona moja yanashika moto. Tuliweka vipande vya mbao chini ya kila mguu. Visahani vya bati chini ya miguu vingemaliza hilo tatizo. Na nafasi kati ya nondo na nondo ni kubwa mno kwa samaki, changu mdogo anadondoka, walioweza ni waliobana samaki kwenye vyuma vyao vya kubania. Kwa mbuzi na kuku hamna shida kabisa, kwa samaki njoo umejiandaa.

Lingine ni unene wa bati. Pipa lina bati jembamba, kama milimita moja hivi, kwaiyo mkaa ukikaa moja kwa moja kwenye tumbo lake miaka miwili mitatu linatoboka, na hewa yetu ya chumvi inaharakisha. Mawili nimeona yameanza kuliwa chini. Tulimwaga mchanga kidogo chini kabla ya mkaa, tabaka la vidole viwili, inalinda bati na inanyonya mafuta yanayodondoka, ila uwe mchanga wa mtoni au wa kujengea, usichote wa baharini maana chumvi yake ndo inaleta kutu.

Huduma. Tulikubaliana majiko yafike jioni ya siku moja kabla, yamefika saa tano usiku kwenye kirikuu mbili, wanakamati wamekaa uwanjani wanasubiri gizani. Simu alikua anapokea, hilo nampa, hakujificha, gari ilimuharibikia, ila saa tano usiku ni usiku. Kwenye kurudisha alikuja asubuhi yake mapema kama alivosema. Bei ni 20,000 kwa jiko kwa siku, usafiri ndani ya mji juu yake, Mikindani anaongeza kidogo, na anachukua dhamana. Alipoambiwa ni shughuli ya kuchangia shule akapunguza malipo ya jiko moja bila kuombwa mara mbili. Dhamana yetu ilirudi ila ilichelewa, zaidi ya wiki, na baada ya kukumbushwa kumbushwa. Kwa kikundi cha mchango hela ya watu inakaa kwenye macho ya watu, kila siku mtu anauliza kwenye grupu ile dhamana imerudi, kwaiyo kuchelewa kwa wiki kunaharibu jina la kamati ambayo haijafanya kosa. Andikishaneni tarehe ya kurudisha. Sisi tulikua na karatasi ya makubaliano lakini upande wake alikua hajaweka tarehe na hakutaka kuiweka, anasema "tunaaminiana dada." Tunaaminiana ndio, ila andika.

Kuhusu hela kwa ujumla maana hili nalo wengi wameuliza, gharama zote za majiko, mkaa na mbuzi tulizitoa kwenye ada za timu na kwa wafadhili wachache wa mtaani, ili kila sahani inayouzwa iende kwenye tanki nzima nzima. Mnunuzi akitoa 5,000 yake ya sahani anajua 5,000 ndo imeenda. Malipo yote kwa lipa namba ya kikundi, hakuna mtu kushika pesa taslimu mkononi akazunguka nayo, na jioni ile ile mweka hazina amesoma jumla kwenye maiki. Watu wa huku wamechangishwa sana na wamechoka kusikia hela zimeishia njiani, ukiweka wazi wanatoa mpaka unashangaa. Tanki limepatikana, mifereji imepatikana, na kilichobaki kimelipa fundi wa kufunga.

Kila aliyenunua sahani alipewa pia korosho ghafi moja ya kupigia kura, anaitumbukiza kwenye ndoo ya timu aliyoipenda, hiyo ni tuzo ya wananchi mbali na ya majaji. Wazo lilipotolewa kwenye kikao mzee wetu mmoja akasema mapema, jamani Oktoba hii kila mtu ana korosho mfukoni, kesho ndoo moja inajaa gunia zima. Kwaiyo zilipakwa rangi ya bluu na zikahesabiwa kabla. Tandahimba na mabibo yao walichukua ya wananchi, majaji wakawapa wavuvi. Nimefurahi sana kwa wote wawili.

Niongeze la afya maana kwenye shughuli ya watu wengi huwezi kulipita. Nyama mbichi ilikaa kwenye maboksi ya barafu ya wavuvi mpaka dakika ya kuingia kwenye moto, kuku boksi lake mbuzi boksi lake, mbao za kukatia mbichi na iliyoiva tofauti. Kuku lazima ndani afike nyuzijoto 74, tulikua na vipimajoto viwili vya kuchoma kwenye nyama, vinazunguka timu zote, unachoma kwenye paja sehemu nene pasipo na mfupa. Bei yake sio kubwa, agizeni Dar kama hapa hamvipati. Na kwa joto letu la zaidi ya nyuzi 30 nyama iliyoiva isikae nje zaidi ya saa moja bila kuliwa, kwaiyo uzeni sahani kwa mafungu, moto utoe na watu wale, msirundike kwenye beseni mkisubiri mgeni rasmi. Afisa afya wa kata tulimualika mwanzoni kabisa, sio siku ya mwisho, akaja na ushauri mzuri tu wa mahali pa kuweka ndoo za kunawia.

Kwaiyo nyota ngapi? Majiko yenyewe nne kati ya tano, ingekua tano kama sio mifuniko na mishikio. Huduma tatu. Fundi mtu mzuri anayejali kazi yake, anasikiliza, na majuzi kanitumia picha ya bawaba mpya alizoanza kuzifunga, nikienda nikaona kweli zimekaa nakuja kubadilisha hapa.

Kwa wa Lindi mnaouliza, anafika mpaka huko ila usafiri mnalipa ninyi na ni bora mkodi yote kwa pamoja, kirikuu moja inabeba manne. Kwa kula nyumbani watu kumi jiko moja la pipa ni kubwa mno mtamaliza mkaa bure, nendeni na jiko la kawaida. Anayetaka kwa ajili ya Oktoba au Novemba amuwahi Septemba, msimu wa korosho ukianza watu wana hela za kujengea na yeye anajaa kazi za mageti. Nendeni mchana mkakague kila mfuniko kwa kuufunga na kuufungua, pigeni picha majiko yote kabla hayajapakiwa, na ile tarehe ya dhamana aiandike yeye kwa mkono wake. Namba yake siiweki hapa hadharani, njoo inbox nakupa.